Platini ya Taa za Bluu

Sehemu ya Saba

Mjinga wa siku ile ni mimi, Guelor. Nalisema mapema ili wengine wasinisemee.

Wiki iliyopita niliwaacha mmeshika roho. Nilikuwa nimesimama mbele ya Mama Brigitte, mwenye salle, ukumbi wa harusi, kule mtaa wa Ruashi. Platini yangu mpya, yaani ile mashine ambayo DJ anachezea CD, ilikuwa imewaka taa za bluu kama kanisa usiku wa Noeli. Sanduku moja, droo mbili, kila kitu kinang'aa. Diski ndani, kidole juu ya kitufe.

Nilibonyeza.

Kioo kidogo kikafikiri. Kikafikiri tena. Halafu kikaandika kwamba ndani hakuna diski.

Nikaitoa, nikaipangusa kwenye shati, nikairudisha. Hakuna diski. Nikaweka nyingine droo ya pili. Hakuna diski. Nikabadilisha tena na tena, na taa za bluu zinaruka-ruka kwa furaha.

"Mwana," akasema Mama Brigitte, "iko inaandika nini pale?"

"Inajipanga, Mama."

"Inajipanga kwenda wapi?"

Nyuma yangu mtu akacheka, na sikuhitaji kugeuka. Ni Mulenga. Kama wewe ni msomaji mpya, umjue: ni DJ kama mimi, ila amenipita kwa viatu. Alikuwa anapiga kwenye klabu moja ya mjini. Mwisho wa mwaka ule wa 2008 bei ya shaba ikaanguka, mafonderi ya kuyeyusha shaba yakazima tanuru, na patron, mwenye klabu, akapanda ndege na funguo mfukoni. Mimi nilikuwa kwenye mojawapo ya fonderi hizo, nikarudishwa nyumbani na barua ya asante. Kwa hiyo Ruashi ikabaki na maDJ wawili wasio na kazi, na salle moja yenye wateja.

Salle hiyo ndiyo roho ya habari hii. Mama Brigitte alitaka DJ wa kudumu, wa kila wikendi, maana watu hata wakifukuzwa kazi hawaachi kuoana. Atakayeifikisha salama harusi ya kesho, salle ni yake. Mwingine arudi kwake akaangalie mvua.

"Vieux Guelor," Mulenga akasema, akiniita mzee kwa Kifaransa, "ile machine iko na njaa. Uipatie kwanza bukari."

Mama Brigitte hakuucheka utani huo wa ugali. Alifungua mkoba, akatoa diski iliyoviringishwa kwenye kitambaa. Nyeupe, haina picha, haina jina.

"Munaona hii? Ni sauti ya kambo ya bwana-harusi. Ule mama alikufwa. Aliimba ku kaseti, bajukuu bakaitia ku CD pale ku cyber. Kaseti yenyewe ilioza. Inabaki hii moja. Kesho famille yake, bantu ya Mitwaba, bataingiza zawadi na ile sauti. Kama inakatika mbele zawadi zifike ku meza, banageuka nazo. Njo vile ile famille beko. Banasema huwezi kukata kambo maneno."

Kambo kwetu ni bibi, mama wa mzazi wako. Akaninyooshea mkono wenye diski. Njiani macho yake yakaangukia kioo changu, ambacho bado kilisisitiza kwamba hakuna diski. Mkono ukabadilisha safari, ukafika kwa Mulenga.

"Uikamate weye. Kesho mwenye atafikisha kambo ku meza, salle ni yake."

"Lakini Mama, Mulenga hana machine."

"Weye uko nayo. Imekusaidia nini?"

* * *

Nyumbani kwetu, mtaa wa Annexe, mke wangu Précieuse alikuwa anachuma mboga ya lengalenga nyuma ya nyumba. Aliniona nimebeba sanduku kama mgonjwa, akaendelea kuchuma.

"Papa Kiki, kwa Kakule mwenye alikuuzia, uliipima?"

"Niliipima vizuri sana. Ilipiga depo nzima. Bantu balicheza. Miye mwenyewe nilicheza."

"Na diski gani?"

"Ya Kakule."

"Iko na picha?"

"Iko na picha, iko na karatasi ya maneno, iko na boksi yake ya plastiki." Nilisema kwa fahari, mjinga mimi.

Précieuse aliweka lengalenga chini. "Basi ni ya orijino. Na zako ulizitoa wapi?"

Msomaji, nilikaa kwenye ndoo.

Katika mji huu nani ana CD ya orijino? Muziki wetu wote unachomwa kwenye diski tupu, kwenye kompyuta za cyber, mtu anaandika jina kwa kalamu ya kuandikia katoni, basi. Nyimbo zangu zote, kazi yangu yote, ni diski za kuchoma. Na mimi nilikuwa nimepima platini kwa diski ya kitajiri, halafu nikaileta kula diski za kwetu. Ilikataa sahani.

"Orijino tuko nazo ngapi?" akauliza.

"Moja. Ya Noeli."

"Basi uwaombe baoane Noeli." Akajifunga kitenge vizuri. "Simama. Tunaenda kwa Kakule."

* * *

Kakule ni mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo, kule Kivu ya Kaskazini. Mkristo wa kufunga na kuomba, na ukimwomba apunguze bei anafumba macho kana kwamba anaomba. Siku ile depo lake, ghala analouzia, lilikuwa nusu tupu. Katoni zimefungwa kamba, nyingine zimefunguliwa tena. Kwao vita, hapa shaba imeanguka, na yeye alikuwa hajaamua akimbie kwenda wapi.

"Ndugu yangu," akasema, "mashine uliipima mbele ya macho ya watu. Ulicheza. Ulishuka mpaka chini."

"Nilicheza diski yako."

"Na ulicheza vizuri."

"Haisomi diski zetu, Patron."

"Mimi nilikuuzia mashine. Macho sikukuuzia."

Nilipanda sauti. Yeye akapanda yake. Nilitaja Mungu, yeye akataja Mungu huyohuyo. Tungeshinda pale mchana kutwa.

Précieuse akachukua platini, akaenda kuketi mlangoni juu ya gunia la makayabu, samaki wa chumvi, akaiweka magotini kama mtoto anayesubiri sindano. Mama mmoja akaingia kununua betri.

"Mama Kiki, hicho ni kintu gani kizuri vile?"

"Ni machine ya Patron Kakule," Précieuse akajibu kwa heshima. "Haisomi diski."

Yule mama akaangalia betri zilizokuwa mkononi mwake. Akazirudisha.

Akaja mzee wa redio. "Ni machine ya Patron Kakule, papa. Haisomi diski." Mzee akasema atapita kesho. Wakaja vijana wa pasi za umeme. Précieuse hakuongeza neno, hakupunguza. Sauti yake ilikuwa tamu kabisa.

Kakule alifumba macho. Safari hii aliomba kweli.

"Njoo nyuma," akaniambia. "Na mwambie mke wako aondoke pale mlangoni."

Nyuma ya depo, chini ya turubai, kulikuwa na platini mbili za zamani. Moja moja, si sanduku la pamoja. Nzito, zimekwaruzwa, kutu pembeni, wala hazina taa za maana. Hazikuwa na droo, zilikuwa na mdomo mwembamba unaovuta diski ndani. Patron mmoja wa klabu, Kakule alisema, alimuuzia asubuhi ya kuondoka, hata hakusubiri risiti.

Wewe unayetaka kununua platini na mfuko wako ni mwembamba, sogea hapa karibu, usirudie kosa langu. Taa uzisahau, taa hazipigi muziki. Beba diski yako mbaya kuliko zote. Mimi nilirudi na ile ambayo mtoto wangu Kiki aliifanya usukani. Platini ya kwanza iliivuta, ikaimba kabla sijaondoa kidole. Nikaipiga kofi ubavuni wimbo ukiendelea, maana harusini sakafu nayo inacheza. Haikuruka. Ya pili ikaisoma vilevile. Kijiti chake cha kuongeza kasi kilikuwa kimekwama, lakini hilo halikunitisha. Ukiwa na mbili, inatosha moja itembee. Ile iliyokwama inakuwa ukuta, na hii nyingine unaisogeza polepole mpaka zinaenda hatua moja.

Niliingiza diski, nikatoa, nikahamisha, nikarudisha. Moja ilichelewa kuirudisha. Nikagonga, ikatema. Sikujali. Nilikuwa nacheka peke yangu kama mtu aliyepewa maji ya baridi.

"Badili kwa badili," Kakule akasema. "Lakini sharti moja. Kuanzia sasa ile ya taa hamuijui. Nikimuuzia mtu, nyinyi ni mabubu."

"Mabubu," nikasema.

"Mama?"

Précieuse alinitazama kwanza mimi. "Mabubu," akasema.

Tulikuwa tunazifunga kwenye kigari cha kusukuma wakati viatu vya Mulenga vilipoingia depo. Viatu kwanza, kisha yeye.

"Patron, ile ya bluu imerudi kwako? Nilikuona nayo, Vieux, ikikushinda mbele ya bantu."

Kakule hakusema uongo hata mmoja, mniamini. Alichukua diski yake ya picha tu, akaiweka, akabonyeza. Muziki ukajaa depo, taa zikaruka. Mulenga akatingisha bega moja, halafu la pili.

"Unaona?" akanigeukia. "Machine haina mbaya. Mubaya ni fundi."

Nilifungua mdomo. Précieuse akanikanyaga mguu.

"Tulisema mabubu," akaninong'oneza.

Mulenga akaona kigari chetu. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Hizi? Si za klabu yetu hizi? Miye mwenyewe nilizimwagia bia. Ile ya kushoto inakula diski. Ilimeza ya patron, hatukuiona tena. Vieux, umebadilisha ng'ombe na mavi ya ng'ombe."

Akalipa. Akabeba taa zake. Mimi nikasukuma kutu yangu barabarani, matope mpaka magotini, na furaha imenijaa. Kesho kioo kitamwambia Mulenga hakuna diski mbele ya ukoo mzima. Nilikuwa naichekea hata sura yake.

Tulifika karibu na nyumbani ndipo Précieuse akasimama.

"Papa Kiki. Ile diski ya kambo. Iko na picha?"

Kicheko kikanishuka kama bukari ya moto: diski ile ni ya kuchoma, na ikikataliwa zawadi zinageuka.

* * *

Harusi ikaanza mchana, mvua ikipiga mabati. Nilifika mapema kumtafuta Mulenga, ule ububu ukanishinda. Nilimkuta ameshapanga meza yake karibu na bibi na bwana harusi. Taa za bluu zilikuwa zinawapendeza watoto.

"Mulenga, ile diski nyeupe, uipime kwanza."

"Uniachie, Vieux. Wivu iko inakutoka ku macho."

"Nakuambia uipime."

"Kwa Kakule ulisikia vile ilipiga. Nenda upange kutu yako kule kona."

Nilimtafuta Mama Brigitte. Alikuwa jikoni anagombana na mtu wa kuku. Nilipomshika, mlango mkubwa ulikuwa umeshafunguliwa.

Watu wa Mitwaba walikuwa wamejipanga mstari, kutoka kizingitini mpaka nje kwenye mvua. Mbele yao alisimama Mama Clotilde, binti wa yule marehemu kambo. Mwanamke mpana, mfupi, kitenge kipya. Juu ya kichwa alikuwa na beseni la sahani, juu ya sahani sufuria, juu ya sufuria blanketi limefungwa utepe. Mikono yake ilikuwa imewekwa kiunoni. Magoti yalikuwa yameshakunjwa kidogo, tayari kwa hatua ya kwanza ya kucheza. Alisubiri sauti ya mama yake.

Mulenga akaweka diski. Akabonyeza kwa kidole kimoja, uso ameugeuzia watu.

Kimya.

Akageuka. Nilikuwa mbali, lakini sikuhitaji kusoma kioo.

Akaipangusa. Akairudisha. Akaijaribu droo ya pili. Mvua ikawa ndiyo muziki peke yake. Mbuzi wa zawadi akalia huko nje. Magoti ya Mama Clotilde yakanyooka.

Nilivuka salle. "Leta diski. Machine zangu zinaisoma."

Mulenga akaikumbatia kifuani. "Niliachiwa miye."

"Na machine ni yangu."

"Machine yako inakula diski, najua tangu klabu. Ikimeza kambo, utamutoa na nini? Na kisu?"

Maneno hayo yakasikika. Salle nzima ikavuta pumzi.

Nami nikakumbuka ile iliyochelewa kutema. Kushoto, alisema Mulenga. Lakini kushoto ya klabu ni upande gani kwangu? Zilifanana kama mapacha, na jana nilifurahi mno hata sikuangalia ipi ni ipi. Mnaona? Mjinga mara mbili, na siku haijaisha.

"Moja ni nzima," nikasema.

"Gani?"

Nikaangalia moja, nikaangalia nyingine.

Mulenga akanitazama. Uso wake ukabadilika polepole. "Ulijua," akasema. "Jana kwa Kakule, ulijua. Ukanyamaza."

"Ulisema mubaya ni fundi."

"Uliniacha nilipe."

"Leo nilikuambia uipime."

"Leo nilishalipa."

Précieuse, kando ya ukuta, aliangalia mabati.

"Nyinyi babili," Mama Brigitte akaja mbio, mkono bado una mafuta ya kuku, "munataka kuniulia salle?"

"Nitatoa diski," Mulenga akasema, "kama unasema mbele ya bantu yote salle ni yangu. Kambo ulimpatia miye."

"Na miye nitapiga," nikasema, "kama unasema salle ni yangu. Bila machine yangu kambo haimbi."

"Bila diski machine yako ni sanduku."

"Bila machine diski yako ni sahani."

"Mwenye kumwaga bia ni nani? Ni miye. Zile platini nazijua kuliko weye."

"Basi uniambie ni gani inakula."

"Sema kwanza salle ni ya nani."

Nje, nyuma kabisa ya mstari, mwanamume mwenye godoro kichwani alianza kugeuka. Nililiona godoro likizunguka taratibu, likaelekeza ncha yake barabarani. Aliyemtangulia akageuza shingo kumfuata. Bwana-harusi akasimama kwenye kiti chake. Bibi-harusi alishika maua yake kwa mikono miwili, hatingishiki.

Mulenga akaendelea kusema. Mimi pia. Tulisema pamoja, kila mmoja anamkata mwenzake, mpaka kivuli cha beseni kikatuangukia wote wawili.

Mama Clotilde alikuwa amevuka salle yote bila muziki, mzigo kichwani, hakuna sahani iliyolia. Hakupaza sauti.

"Mwenye iko mu ile diski njo alinizaa, na hakungojaka mwanaume amalize kuongea hata siku moja. Weye ya taa, toa diski, na uonyeshe mwenzako ni gani inakula. Weye ya kutu, pokea. Na mwenye ataongeza neno moja, nitamutwika hii beseni, njo yeye ataicheza mpaka ku meza."